Sufuri Mbili za Mlango wa Samaki

Hii hadithi inanionyesha mjinga, na nimekubali mapema kabla nyinyi hamjasema. Vijana wenye mnakuja kunyoa kwangu hapa Oyugis mnaniulizanga kama ni kweli niliwahi kufanya kazi ya ofisi, na mnaulizanga mkicheka. Ni kweli. Nilifanya miaka mitatu, nikastaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Shule yangu iliisha darasa la nane, na kazi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Sasa nimeandika mara moja, nisirudie kwa kila kichwa yenye inakalia hiki kiti.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza dawa ya panya na kipaza sauti, siku za soko, Oyugis na Kosele. Ndio maana mpaka leo kuna watu wananiita Panya. Siku moja pale Kosele kuna mama alisimama mbele yangu karibu saa nzima na hakununua kitu. Alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi, akastaafu, akaanza biashara ya kutengeneza kozi za Kiingereza za kazini: za mahoteli, za viwanda, za mahali popote wafanyikazi wanakutana na wageni. Sisi wote tulikuwa tunamwita Madam, na mimi sijawahi kumwita kitu ingine.

Akaniambia, "Yule mzee umemuuzia kwa Kijaluo, yule mama kwa Kiswahili, yule Mkuria wa ndizi kwa Kikuria. Lakini kuna mahali umezima hiyo kelele yako. Kwa nini?"

Nikamwambia kuna mama wa kitambaa ya manjano alikuwa anapita. Ni mama ya bibi yangu, mama mkwe. Siwezi kumpigia kelele ya panya masikioni, hata nikimwona kwa mbali huwa nahama upande.

Madam akaandika kitu kwa kitabu yake ya bluu, akaniambia nije Migori Jumatatu, na nisibebe kipaza sauti.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwa hoteli moja ya kulala wageni, pale Migori mjini. Nilivaa tai ya shemeji yangu. Nilidhani kutengeneza kozi ni kununua kitabu ya grama, unagawa kurasa kwa siku, kwisha. Madam akaniweka kwa kiti ya plastiki kwenye korido, akasema kazi yetu inaitwa uchambuzi wa mahitaji. Maana yake, kabla ya kumfundisha mtu unajua kwanza anahitaji nini. Fundi wa nguo anapima kabla ya kukata. Na akanipa maswali matatu, nikaambiwa niyashike kuliko jina langu.

"Usiulize mtu anajua Kiingereza kiasi gani," alisema. "Uliza kazi yake inamtaka aseme nini. Anamwambia nani. Na akishindwa kusema, ni nini inaharibika."

Meneja wa hiyo hoteli alikuwa ametuambia wafanyikazi wake wafundishwe Kiingereza yote. Tukakaa siku tatu tukiangalia. Kuangalia ndio kazi ngumu zaidi ya zote, kwa sababu mdomo inakaa bure. Siku ya tatu nikaona kitu: mgeni akitoka kwa mlango wake amejifunga taulo, wasichana wote wa vyumba wanakimbilia chumba ya kufulia nguo na kujificha. Shida ilikuwa maji ya moto. Ilikuwa inapotea kila asubuhi, na hakuna mtu alikuwa anajua kumwambia mgeni kwa Kiingereza imepotea, itarudi saa ngapi, na pole. Kwa hivyo kozi ya Kiingereza yote ikakuwa kozi ya masomo nane, na nusu yake ilikuwa maji. Meneja alinuna, lakini baada ya mwezi moja akakubali kwamba sasa wageni wanajibiwa.

Hapo nikajua hii kazi naiweza. Na hapo ndio shida yangu ilianzia.

Kazi yangu ilikuwa kufanya watu waongee. Madam alikuwa na hojaji, yaani karatasi ya maswali, lakini watu wakiona karatasi wanakauka. Mimi nilikuwa nawatolea mzaha mbili tatu, wanafunguka. Halafu kulikuwa na igizo la kazi. Unasimamisha watu wawili, unampa kila mtu kazi ya kuigiza, mmoja mgeni mwenye hasira, mwingine mfanyikazi wa kumjibu, na wanaongea Kiingereza mbele yako. Wewe unaandika alama, kutoka sufuri mpaka nne. Nne ni mtu anajiweza. Sufuri ni mtu haelewi na hasemi. Madam alikuwa amenionya kwamba sufuri haiandikwi haraka, kwa sababu mtu anaweza kunyamaza kwa mambo mengi. Nilisikia. Nilisikia venye mtu anasikia matangazo ya redio akinyoa.

Mwaka wangu wa pili tukaenda kwa kiwanda ya samaki kando ya ziwa, upande wa Sori. Jina yake nitaiacha. Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, zinafika hapo na lori kutoka kwa mashua, zinapokelewa, zinakatwa minofu, zinawekwa barafu. Meneja wa Uzalishaji alikuwa mtu wa kutoka mbali, mtu wa haki kabisa, lakini Kijaluo chake kilikuwa kinaishia kwa salamu. Alituambia wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo watakuja baada ya miezi mitatu, na wakifika hawaongei na meneja. Wanasimama penye mfanyikazi amesimama, wanamuuliza yeye.

"Mlango wa mapokezi ndio wanauliza sana," alisema. "Pale ndipo samaki inakubaliwa ama inarudishwa. Nataka mtu wa kuwajibu. Kama aliyeko hawezi, nipeni karatasi mapema nimtoe, aende kuosha kreti."

Mwenye alikuwa hapo mlangoni alikuwa Min Achieng', mama wa miaka kama hamsini na tano. Alikuwa amesimama hapo miaka kumi na moja. Nilimkuta siku hiyo ya kwanza, nikamuuliza kwa mzaha kama mlango ukifungwa yeye huendanga wapi.

Hakucheka. Alisema, "Wuoda, nilianza hapa nikiosha kreti. Mgongo wangu unajua ile kazi na haiitaki tena. Huu mlango ndio umenifanya niitwe mtu hapa ndani. Hiyo karatasi yako, uandike vizuri."

Wuoda ni kijana wangu, mwanangu. Nikamwambia asijali, yuko na mimi.

Asubuhi yenye ilifuata Madam akaitwa Homa Bay kwa kazi ingine ya siku mbili. Aliniachia maagizo kwa mdomo na kwa karatasi. Siku zote mbili niangalie tu. Nikae mlangoni, nione nani anaongea na nani, igizo tungefanya akirudi. Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa.

Niliangalia karibu dakika ishirini. Kulikuwa na baridi ya barafu, na gamubuti zenye nilipewa zilikuwa za mguu mmoja, zote za kushoto. Nikajiambia huyu Madam akirudi apate kazi imeisha, aone amelea mtu. Saa nne nikaita watu ishirini kwa kantini, tukaanza igizo.

Wengine walienda vizuri sana, kantini ilikuwa inacheka. Halafu nikafika kwa Min Achieng'. Nikafikiria, mtu wa mapokezi anaongea na nani? Na mwenye analeta samaki, lazima. Mwenye alikuwa analeta samaki na lori kila siku ni Tobias, dereva wa kiwanda, kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, mpole. Kwa karatasi hiyo ilikuwa akili kabisa. Nikaweka viti viwili vikitazamana, magoti yao karibu yagusane. Nikamwambia Tobias, wewe ni mfanyabiashara, huyu mama amekataa samaki yako, mkasirikie, mfokee kwa Kiingereza. Nikamwambia mama, wewe mjibu, na umwangalie kwa macho.

Tobias aliangalia gamubuti zake. Min Achieng' alizungusha kiti akaangalia ukuta.

Nikangoja. Nikawaambia hii ni mchezo tu. Nikamshika Tobias bega nikamsogeza mbele, ati amsalimie kwa mkono tuanze na hapo. Akarudisha mkono wake nyuma, akaufunga na ule mwingine. Sasa watu wote walikuwa kimya, na mimi kimya ya watu ni kitu nimesomea sokoni. Kuna kimya ya watu wenye bado hawajanunua, na kuna kimya ya watu wenye umewatukana. Hii ilikuwa ya pili. Mimi nikaisoma kama ya kwanza, nikaongeza mzaha.

Nilisema, "Mbona mnaogopana kama watu wanaposana?"

Hakuna mtu alicheka. Min Achieng' alisimama, akavua epuroni, akaikunja mara mbili, akaiweka kwa kiti, akatoka. Tobias akatoka na mlango ule mwingine. Baada ya kidogo tukasikia lori ikienda.

Kwa karatasi nikaandika sufuri kwa Tobias, sufuri kwa Min Achieng', na mbele ya jina la mama nikaongeza kwamba alikataa. Jioni kabla ya watu kutoka, Meneja akaniuliza kama niko na kitu ya mlango. Nikampa karatasi. Nilimpa na mikono miwili.

Madam alirudi siku ya tatu asubuhi. Mlangoni alikuwa amesimama kijana wa stoo na ubao wa kuandikia, na Min Achieng' alikuwa nyuma ya jengo, ameinama juu ya tangi, anaosha kreti. Madam akachukua nakala ya karatasi yangu, akasoma mpaka chini.

"Uliangalia siku ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ngapi, Okello?"

"Moja. Lakini haikuwa yote."

Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aligeuza kreti moja juu chini pale uani, akaniambia nikae hapo mpaka saa sita bila kusema neno na mtu. Nikakaa.

Lori ya Tobias ikaingia. Kila safari alikuwa anashusha kreti za samaki na kubeba kreti safi za kurudi nazo. Sasa kreti safi zilikuwa kwa tangi, penye Min Achieng' alikuwa. Tobias akashuka, akafika katikati ya uwanja, akasimama. Mama akamwona, akageuka upande. Kijana akarudi kwa lori. Akatoka tena, akarudi tena. Kreti safi zikapangana mpaka zikawa ndefu kunipita, na samaki wengine kwa lori wakangoja na jua ikipanda. Mwishowe mama wa kupika kantini akatoka jikoni na kijiko mkononi, akaenda kwa tangi, akabeba kreti mbili mbili, akazileta mpaka katikati ya uwanja, akaziweka chini. Alipotoka hapo ndio Tobias akakuja kuzichukua.

Mpishi akapita karibu na mimi akipumua.

"Pale mlangoni hii shida ilikuwa na dawa," akasema. "Huyu anaweka kreti kwa saruji, anarudi nyuma mpaka kwa lori, mama anakuja anaangalia. Karatasi inakaa juu ya samaki. Miaka minne hawajapeana kitu mkono kwa mkono, na kazi inaenda. Sasa wewe umeleta mama kwa tangi."

Nilikuwa nimekatazwa kuongea, kwa hivyo nikamuuliza na macho.

"Kwani hujui? Tobias ndiye ameoa Achieng'."

Nyinyi mnaelewa. Kwetu mama mkwe ni maro, na mtu hamfokei maro. Hakai naye magoti kwa magoti, hamshiki mkono, hamkodolei macho. Hata mzaha hafanyi mbele yake. Na mimi nilikuwa nimemwambia amfokee, nikamsukuma bega, halafu nikasema ni kama wanaposana, mbele ya watu ishirini wenye wote walikuwa wanajua isipokuwa mimi. Mimi wa Kosele. Mimi wa kuzima kipaza sauti. Wangekuwa wamevaa nguo za nyumbani ningeshuku, lakini pale wote wako na kofia nyeupe na kitambaa mdomoni, nikaona mfanyikazi na mfanyikazi. Jina lenyewe nilikuwa naliita kila saa, Min Achieng', mama ya Achieng', na sikuwahi kuuliza Achieng' ni nani.

Saa sita Madam akakuja. Nikamweleza yote. Nilitarajia aende kwa Meneja anitetee, kwa sababu ofisi ni yake. Akasema ataenda na mimi, lakini yeye hana la kusema, kalamu haikuwa yake.

Meneja alikuwa na karatasi yangu kwa meza. "Hapa imeandikwa sufuri," alisema. "Hapa imeandikwa alikataa. Na mwandiko ni wako. Sasa sufuri imekuwa si sufuri?"

Nikamwambia ile sufuri ni ya mtu aliyeandika. Nikamweleza mambo ya maro, venye kreti zinawekwa chini, venye wenyewe walikuwa wamejipangia bila kuambia ofisi na hakuna samaki ilikuwa inachelewa. Nikamwambia sikuangalia siku mbili kama nilivyoambiwa, na ile karatasi haijapima Kiingereza ya mtu yeyote. Alionekana kama mtu anahesabu ni mambo mangapi yamepita mbele ya dirisha yake.

"Mpimeni tena kesho," akasema. "Mimi mwenyewe nikiwa hapo. Akishindwa, anabaki kwa kreti, na sitaki kusikia mila."

Siku hiyo nilienda kwa tangi kuomba msamaha. Min Achieng' hakuinua kichwa. Aliniambia nishike brashi, na tuliosha kreti mpaka kengele ya kutoka. Mgongo wangu ulielewa kile mgongo wake ulikuwa unasema siku ya kwanza. Tobias nilimpata kwa lori, akanisamehe haraka, kwa sababu yeye alitaka tu tusiongee hayo maneno tena.

Kesho yake Meneja alimpa Tobias safari ya kupeleka minofu, mtu mwingine akaleta samaki. Madam akavaa koti nyeupe ya mgeni, akasimama mlangoni, akamuuliza mama kwa Kiingereza ya haraka amejuaje samaki hii ni nzuri. Nilikuwa nyuma na kalamu.

Min Achieng' aliinua shavu la mbuta na kidole, akaonyesha ndani, akasema neno la nyekundu. Akaonyesha jicho, akasema safi. Akabonyeza nyama, akangoja ikarudi, akasema inarudi. Halafu akachukua samaki ingine kutoka chini kabisa ya kreti, yenye mimi sikuwa hata nimeiona, akafanya vile vile, akasema hii hapana, akaiweka pembeni. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama kumi na mawili, na hakuna hata moja ilikuwa imekaa bure. Penye alikwama ni mahali pawili: kusoma kipimajoto kwa Kiingereza, na kueleza samaki iliyokataliwa inaenda wapi. Nikaandika hayo mawili. Alama nikaandika mbili, na Madam akaweka sahihi.

Meneja akasema arudi mlangoni mpaka wakaguzi waje, halafu wao ndio wataamua.

Kozi tukaitengeneza kwa hiyo karatasi. Masomo kumi, karibu yote pale mlangoni, samaki mkononi. Kwa ratiba nikaweka makundi mawili, Tobias Jumanne, Min Achieng' Alhamisi. Na kwa hojaji ya Madam nikaongeza swali la nne, na mpaka tunaacha kazi lilibaki hapo: kuna mtu hapa kazini ambaye huwezi kuongea naye uso kwa uso? Mahali ingine watu walicheka wakiliona. Mahali ingine walitushukuru.

Wakaguzi walikuja, wawili. Mmoja alisimama mlangoni muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Min Achieng' alimsomea kipimajoto, akampeleka mpaka penye samaki iliyokataliwa inawekwa, akamweleza. Mkaguzi akaandika, akapita. Jioni Meneja alimtengenezea beji yenye jina lake na neno Mapokezi.

Nilifanya mwaka mwingine moja baada ya hapo. Halafu magoti ya Madam yakakataa safari, akafunga ofisi, akaenda kukaa na binti yake. Kitabu ya bluu aliniachia. Mimi nikarudi Oyugis nikanunua mashine ya kunyoa. Nyinyi wenye mnasoma na mnataka hiyo kazi, ifanyeni, ni kazi nzuri. Kujua Kiingereza ni nusu yake tu. Ile nusu ingine ni kukaa kwa kreti na kufunga mdomo, na mtu wa mdomo kama mimi inamuuma zaidi. Hata hapa kwa kinyozi, siku hizi namwangalia mtu kwa kioo kwanza kabla ya kuuliza anataka nini.

Min Achieng' nilikutana naye baada ya wakaguzi kuondoka, amekaa nje, beji kifuani. Nikamuuliza ile siku ya kantini, kama angeweza kujibu. Alinitazama kama natoka mbali.

"Majibu yote nilikuwa nayo," akasema. "Lakini wageni wa Kiingereza wanarudi kwao. Tobias anarudi kwa mtoto wangu. Siku ingine ukiniweka mbele yake, wuoda, andika tu sufuri. Hiyo ndiyo alama nilifanyia bidii."